Lakiri inapopoteza anga: kwa nini vifaa vya kufuatilia mizigo hubabaika jioni katika ukanda wetu

Lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala au Kigali na mzigo ambao haujalipiwa ushuru hubeba shahidi mlangoni mwa kontena. Shahidi huyo ni lakiri ya kielektroniki: kifaa kidogo chenye betri, laini ya simu na kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Kila baada ya muda mfupi hujipima kilipo, kisha hutuma jibu kwenye chumba cha ufuatiliaji. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha kazi hiyo katika mfumo mmoja wa kikanda, unaojulikana kwa kifupi kama RECTS. Tanzania nayo hutumia lakiri za namna hiyo kwa mizigo inayotoka Dar es Salaam kwenda nchi jirani.

Ni shahidi mwenye sifa nzuri. Hasinzii, hahongeki, na hana ndugu Malaba wala Rusumo. Lakini macho yake yanategemea mawimbi hafifu yanayotoka umbali wa zaidi ya kilomita 20,000, na kati ya setilaiti na barabara kuna tabaka la hewa yenye chaji za umeme ambalo, jioni za miezi fulani, huyatikisa mawimbi hayo. Nchi za Ulaya halisumbui hivyo. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumo katika sehemu ya dunia ambayo tabaka hilo lina fujo zaidi.

Jambo hilo lingebaki la vitabuni kama si dhamana. Mzigo wa kupita nchi kwenda nchi nyingine husafiri chini ya dhamana ya forodha. Ukichepushwa njiani na kuuzwa kabla ya kuvuka mpaka, aliyeweka dhamana ndiye anayedaiwa ushuru. Ndiyo maana kumbukumbu ya lakiri ina uzito mkubwa. Nukta zinazofuatana vizuri kwenye ramani kutoka Mariakani hadi Malaba humfanya dereva apite bila maswali mengi. Pengo katika nukta hizo humlazimu ajieleze, na maelezo yanayosikika zaidi ni mafupi: mtandao ulipotea. Mara nyingi maelezo hayo hayana mashiko. Mara chache yana ukweli ndani yake, na chanzo cha ukweli huo kiko kilomita 300 hivi juu ya barabara.

Tabaka lililotuletea redio

Wenye umri wa kukumbuka redio za masafa mafupi walilifahamu tabaka hili bila kujua jina lake. Matangazo ya Kiswahili ya BBC, yaliyoanza mwaka 1957, yalitoka mbali yakafika vibandani na majumbani kwa kudundwa na hewa ya juu, kama mpira unavyodundwa ukutani. Sauti ilikuja, ikafifia, ikarudi. Usiku ilisikika kuliko mchana. Msikilizaji alizungusha antena, akapiga redio kofi, akalaumu betri. Kumbe anga ndiyo iliyokuwa inabadilika.

Wataalamu huliita tabaka hilo ionosfia. Huanza kilomita 60 hadi 80 hivi kutoka ardhini na kupanda hadi kilomita 1,000 na zaidi. Miali mikali ya jua hupiga chembe za hewa na kuzing'oa elektroni, na elektroni hizo zilizo huru ndizo zinazodunda mawimbi ya masafa mafupi. Mwingereza Edward Appleton alithibitisha kuwepo kwa tabaka hilo mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mawimbi ya GPS ni ya masafa ya juu zaidi, kwa hiyo hayadundi. Hupenya. Lakini hayapenyi bure.

Kipokezi hujua kilipo kwa kupima muda. Setilaiti hutuma ujumbe unaosema saa kamili ulipoondoka; kipokezi hutazama saa ulipofika, na tofauti hiyo, ambayo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ndiyo umbali. Zinahitajika setilaiti nne: tatu za kupata mahali, ya nne ya kusahihisha saa ya kipokezi, ambayo ni ya bei rahisi na hukosea. Mchezo wote ni wa muda, na kosa la milionea moja ya sekunde ni kosa la mita 300. Ujumbe unapokuta elektroni nyingi njiani huchelewa kidogo, na kipokezi, kisichojua kilichotokea, hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo.

Ucheleweshaji huo una kipimo. Wingi wa elektroni njiani huhesabiwa kwa uniti ziitwazo TEC, na kila uniti moja huongeza sentimita 16 kwenye umbali unaosomwa na kipokezi cha kawaida. Mchana wa jua kali, katika mwaka ambao jua limechachamaa, uniti 100 si ajabu katika ukanda wetu. Hizo ni mita 16 kwa setilaiti iliyo utosini. Kwa setilaiti iliyoinama karibu na upeo wa macho, mawimbi hulikata tabaka kwa mshazari, na kosa linaweza kukaribia mara tatu ya hapo.

Kwa bahati nzuri kosa hilo halifiki lote kwenye ramani. Sehemu kubwa huishia kwenye saa ya kipokezi na kwenye kimo kutoka usawa wa bahari, ambacho hakuna afisa wa forodha anayekiuliza. Tena GPS yenyewe hubeba dawa kidogo: namba nane zinazotumwa na setilaiti, ambazo kipokezi hukokotoa nazo ucheleweshaji unaotarajiwa kwa saa na mahali hapo. Kanuni hiyo ilibuniwa na Mmarekani John Klobuchar na hupunguza kosa kwa takriban nusu. Ni makadirio ya dunia nzima, kama bei elekezi: husaidia, lakini haijui kilichotokea sokoni leo asubuhi.

Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia, na kosa liliweza kufika mita 100. Ilipoacha, ionosfia ndiyo ikabaki chanzo kikuu cha makosa kwa vipokezi vya kawaida.

Ikweta mbili

Kwa nini huku? Jibu rahisi ni kwamba jua letu ni kali. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa sababu elektroni haziko nyingi zaidi pale hasa jua linapopita utosini.

Dunia ina ikweta mbili. Ya kwanza ni ile ya ramani, inayopita Nanyuki na Kayabwe, wasafiri wanaposimama kupiga picha. Ya pili ni ikweta ya sumaku, mahali ambapo sindano ya dira inayoweza kuinama juu na chini hulala sawasawa. Upande wetu wa Afrika, ikweta hiyo ya sumaku haipiti Kenya wala Uganda. Iko kaskazini zaidi, juu ya Ethiopia.

Mchana, nguvu za umeme na za sumaku juu ya mstari huo wa Ethiopia hushirikiana kuzinyanyua elektroni kwenda juu. Zikifika juu hushindwa kuendelea, zikaanza kuteremka kwa kufuata mistari ya sumaku, nusu kuelekea kaskazini na nusu kuelekea kusini, kama maji ya chemchemi yanayoruka katikati na kuanguka pembeni. Matokeo yake ni marundo mawili ya elektroni, kila moja likiwa nyuzi 15 hivi kutoka ikweta ya sumaku. La kaskazini huangukia upande wa Sudan na Bahari ya Shamu. La kusini hukaa juu yetu: kusini mwa Kenya na Tanzania.

Kwa maneno mengine, barabara ya Mombasa hadi Malaba na ile ya Dar es Salaam hadi Rusumo hupita chini ya mteremko na kilele cha rundo hilo. Elektroni huwa nyingi mno, na mbaya zaidi, hubadilika haraka kutoka mahali hadi mahali. Kipimo cha Mombasa saa nane mchana si lazima kifanane na cha Eldoret saa hiyo hiyo. Makadirio ya dunia nzima hayaoni tofauti hiyo.

Hata hivyo haya ni mambo ya mchana, na ya mchana huhesabika kwa mita. Lori haliwezi kudaiwa kuacha njia kwa sababu ya mita 10, isipokuwa pale mtu aliyechora uzio wa kidijitali kwenye kompyuta alipoubana mno ukapita kwenye ukuta wenyewe wa yadi. Hapo lakiri inaweza kupiga kelele kwamba gari limetoka ilhali dereva amelala ndani yake. Kosa hilo la uchoraji husahihishwa kwa dakika tano ofisini.

Baada ya magharibi

Tatizo kubwa zaidi huanza jua likizama.

Sehemu ya chini ya ionosfia haina hifadhi. Miali ya jua ikikatika, elektroni zake hurudiana na chembe za hewa upesi na kutoweka. Sehemu ya juu, ambako hewa ni nyembamba, hubaki na elektroni zake kwa saa nyingi. Kwa hiyo muda mfupi baada ya magharibi kunakuwa na tabaka zito limekaa juu ya tabaka jepesi, na wakati huo huo msukumo wa umeme wa machweo hulinyanyua lile zito juu zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kumimina maji juu ya mafuta ya kupikia anajua kinachofuata: chepesi hakikubali kukaa chini. Hewa iliyopungukiwa na elektroni huanza kupanda kwa viputo, vikitoboa tabaka la juu.

Viputo hivyo si vidogo. Huweza kupanda kupita kilomita 1,000, hunyooka kaskazini na kusini kwa maelfu ya kilomita kwa kufuata mistari ya sumaku, na upana wake kutoka magharibi hadi mashariki unaweza kuwa makumi ya kilomita hadi mia na zaidi. Kisha huelea kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 100 hivi kwa sekunde, ambayo hakuna basi la Kampala litakaloifikia. Dalili zake za kwanza zilielezwa mwaka 1938 kutokana na vipimo vya Huancayo, Peru, nchi nyingine iliyo chini ya ikweta ya sumaku, na baadaye rada kubwa ya Jicamarca karibu na Lima ikavionyesha viputo vyenyewe vikipanda.

Ndani ya kiputo na kingoni mwake elektroni hazikutulia. Zimevurugika kwa mafungu makubwa na madogo, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutawanyika na kugongana yenyewe kwa yenyewe. Ardhini ishara huonekana kupepesa, kama nyota inavyopepesa kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Inaweza kushuka hadi sehemu moja ya mia ya nguvu zake, ikapanda, ikashuka tena, mara nyingi ndani ya dakika moja. Kipokezi kilichokuwa kimeishikilia setilaiti hiyo hulazimika kuiachia na kuanza kuitafuta upya.

Ikumbukwe kwamba ishara yenyewe ni dhaifu tangu mwanzo. Setilaiti ya GPS hutuma kwa nguvu ya wati zipatazo 50, kiasi cha balbu ya zamani ya chumbani, kutoka umbali ambao ni mara 12 hivi ya njia ya Mombasa hadi Kigali.

Msukosuko huu huanza mara nyingi kati ya saa moja na saa mbili usiku kwa saa za Nairobi, Kampala na Dodoma, na hupungua kuelekea saa sita au saa saba. Kigali na Bujumbura wakumbuke kwamba saa zao ziko nyuma kwa saa moja. Hautokei kila siku. Vipimo vilivyofanywa Kampala na Nairobi vinaonyesha kwamba misimu yake mikubwa ni miwili: Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Juni, Julai na Desemba huwa shwari zaidi.

Msimu huo una maelezo yake. Mistari ya sumaku katika eneo letu imelala karibu kabisa kaskazini hadi kusini. Miezi ambayo usiku na mchana hulingana, mstari wa machweo nao hulala hivyo hivyo, kwa hiyo giza huingia kwa pamoja kwenye ncha zote mbili za mstari wa sumaku, na lile pigo la umeme la machweo huja kwa nguvu zote. Nchini Brazil mistari ya sumaku imepinda, na msimu wao mkubwa huangukia karibu na Desemba. Ni anga moja, lakini kalenda mbili. Kwa dereva wa ukanda huu, kalenda hiyo ina maana kwamba fujo za angani huja wakati wa masika, barabara zikiwa tayari zina mashaka yake, na tena wakati wafanyabiashara wanapoanza kuingiza shehena za sikukuu.

Juu ya misimu hiyo kuna mzunguko wa jua lenyewe, wa miaka 11 hivi. Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua limeingia katika kipindi cha kilele. Miaka ya kilele na ile inayoifuata ndiyo yenye viputo vingi na vikali. Utulivu unatarajiwa kurudi karibu na mwaka 2030. Dhoruba kubwa za jua ni habari nyingine. Ile ya tarehe 10 Mei 2024, ya kwanza kufikia daraja la juu kabisa tangu Oktoba 2003, iliwafanya wakulima wa Marekani wasimamishe matrekta yanayoongozwa kwa GPS katikati ya msimu wa kupanda. Ajabu ni kwamba karibu na ikweta dhoruba ya namna hiyo yaweza kuongeza viputo au kuvizima kabisa, kutegemea saa iliyofika. Viputo vyetu havihitaji dhoruba. Jioni ya kawaida ya Machi inatosha.

Lori limepotea: ni anga au ni mtu?

Hapa ndipo mfanyabiashara na wakala wake wa forodha wanapohitaji kuwa makini, kwa sababu sababu nyingine za lakiri kunyamaza ni nyingi zaidi kuliko anga: betri iliyokwisha, eneo lisilo na mnara wa simu, paa la bati la gereji, na kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye sehemu ya kuwashia sigara ambacho hufunika mawimbi ya GPS kwa makusudi. Kila sababu huacha alama zake, na alama hizo hazifanani.

Kwanza, anga haigusi simu. Mawimbi ya mnara wa simu husafiri karibu na ardhi na hayapiti kwenye ionosfia. Lakiri iliyosumbuliwa na viputo huendelea kutuma ujumbe kwamba iko hai, ila haina uhakika ilipo. Iliyokosa mnara hufanya kinyume: hujua ilipo, hutunza nukta zake, kisha huzimwaga zote kwa pamoja mtandao ukirudi. Lakiri iliyonyamaza kabisa, bila mahali na bila ujumbe, ina hadithi nyingine, na dereva asitafute kisingizio angani. Tofauti ni vifaa vinavyotuma taarifa kupitia simu za setilaiti badala ya minara, kwani mawimbi ya simu hizo nayo hupita kwenye viputo.

Pili, anga haizimi setilaiti zote. Kiputo hufunika sehemu ya mbingu. Setilaiti mbili au tatu za upande wa magharibi zinaweza kupepesa huku za mashariki na za kusini zikionekana vizuri, na dakika chache baadaye hali ikageuka. Kifaa cha kufunika mawimbi huzima zote kwa mpigo. Katika kumbukumbu, tofauti hiyo huonekana kwenye hesabu ya setilaiti: kushuka kutoka 11 hadi 6, kisha 8, kisha 5, ni mwenendo wa anga, kushuka kutoka 11 hadi sifuri na kubaki sifuri kwa dakika 40 ni mwenendo wa mtu, au wa paa.

Tatu, anga haichagui lori. Kama kiputo kimepita juu ya Kericho saa mbili na nusu usiku, malori yote yaliyokuwa katika eneo hilo yataonyesha dalili kwa wakati mmoja, na ya Nakuru, upande wa mashariki, huenda yakafuata baadaye kidogo. Lori moja kupoteza anga huku mawili yaliyo mbele na nyuma yake yakisoma vizuri ni jambo linalostahili maswali.

Nne ni saa na mwezi. Pengo la saa tano asubuhi, mwezi Julai, si viputo.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo hupunguza uwezo wa lakiri hata kabla anga haijavurugika. Hufungwa kwenye mlango wa nyuma wa kontena, na kontena ni ukuta wa chuma. Kwa hiyo lakiri huona nusu ya mbingu tu, na lori likiegeshwa kinyumenyume na ukuta au na lori lingine, kama inavyofanyika mara nyingi kwenye maegesho ya usiku ili kuzuia wezi, hubaki na kipande chembamba cha juu. Kipokezi kilichokuwa na setilaiti 6 badala ya 12 kikinyang'anywa tatu na kiputo, kimebaki na tatu, na tatu hazitoshi. Simu ya dereva iliyo kwenye dashibodi inaweza kuwa inasoma vizuri wakati huo huo. Anayepinga maelezo ya dereva kwa kumwonyesha kwamba simu yake ilifanya kazi hajathibitisha kitu.

Wakala anayetaka kumtetea mteja wake, au kumbana, aombe kumbukumbu ghafi za lakiri badala ya picha ya ramani: saa ya kila usomaji, idadi ya setilaiti, kipimo cha ubora wa mpangilio wake, na saa ambayo ujumbe ulipokewa. Picha ya ramani huunganisha nukta kwa mstari ulionyooka na kuficha kilichotokea katikati. Wakati mwingine huchora lori likikata kona ndani ya msitu, jambo ambalo halikutokea.

Vyumba vya ufuatiliaji navyo vingeweza kufanya jambo dogo: kulinganisha malori yote ya eneo moja kabla ya kutuma timu barabarani. Programu ya kufanya hivyo si ngumu, na mafuta ya gari la doria yana bei. Kwa sasa mzigo wa kuthibitisha humwangukia dereva, ambaye ndiye mwenye vifaa vichache kuliko wote.

Vipokezi vipya, na mipaka yake

Teknolojia imeanza kutoa nafuu. Vipokezi vya zamani vilisikiliza GPS ya Marekani peke yake. Vingi vya sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kiputo kikifunika theluthi ya mbingu yenye setilaiti 30, zinabaki za kutosha. Mwenye kununua kifaa cha kufuatilia gari aulize swali hilo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Nafuu ya pili ni masafa mawili. Ionosfia huchelewesha zaidi mawimbi ya masafa ya chini kuliko ya juu, kama tope linavyolichelewesha lori lenye shehena kuliko lililo tupu. Malori mawili yakiondoka pamoja kwenye barabara isiyojulikana, tofauti ya saa zao za kufika humwambia mtu tope lilikuwa kiasi gani. Kipokezi kinachopokea masafa mawili kutoka setilaiti moja hufanya hesabu hiyo hiyo na kuufuta karibu ucheleweshaji wote. Zamani uwezo huo ulikuwa wa vifaa ghali vya wapima ardhi. Mwaka 2018 ilitoka simu ya kwanza yenye uwezo huo, Xiaomi Mi 8, na sasa ni wa kawaida kwenye simu za bei ya juu. Lakini masafa mawili hutibu ucheleweshaji tu. Hayatibu kupepesa: ishara iliyozama kwenye kiputo haina cha kulinganisha.

Wapima ardhi wanalijua hilo kwa gharama. Kazi yao inadai sentimita, na kifaa kinachohitaji kushikilia kila setilaiti bila kukatika kinaweza kukataa kabisa kutoa jibu jioni. Anayepimiwa kiwanja cha ghala Busia au Namanga mwezi Machi asimlaumu mpimaji anayesisitiza kuanza asubuhi na kufunga kazi kabla ya magharibi. Manahodha wa majahazi na boti kati ya Pemba, Tanga na Mombasa hawahitaji sentimita, ila wanaopita karibu na miamba usiku wana sababu ya kutoiamini nukta moja iliyoruka ghafla kwenye kioo.

Marekani ina mtandao wa WAAS, Ulaya ina EGNOS na India ina GAGAN: mifumo inayopima ionosfia kwa vituo vya ardhini na kutangaza masahihisho kupitia setilaiti, hasa kwa ajili ya ndege. Afrika ya Magharibi na Kati zilianza majaribio yake mwaka 2020 kwa kutumia setilaiti ya Nigeria, NigComSat-1R. Ugumu wake huku ni ule ule wa marundo na viputo. Ulaya, kituo kimoja kinaweza kusemea eneo kubwa, kwa kuwa anga yake hubadilika taratibu. Karibu na ikweta vituo vinahitajika vingi na karibu karibu, na vinapaswa kujua kunyamaza pale kiputo kinapopita badala ya kutangaza sahihisho lisilo sahihi. India, ambayo nayo iko chini ya ikweta ya sumaku upande wake wa kusini, ililazimika kutengeneza hesabu zake yenyewe.

Vituo vya kuanzia vipo. Malindi, penye kituo cha anga cha Waitaliano, pana kipokezi cha kudumu cha setilaiti. Mbarara kipo, Kigali kipo, na Nairobi pia. Malindi ina historia yake katika jambo hili: kutoka majukwaa ya San Marco baharini zilirushwa setilaiti za kuchunguza hewa ya juu ya ikweta kuanzia Aprili 1967, na ya mwisho, Machi 1988, ilitumwa kuangalia jinsi jua linavyoisumbua hewa hiyo. Vipokezi vya leo ni masanduku madogo yanayorekodi kila setilaiti, kila siku, usiku na mchana, na kumbukumbu zake huingia kwenye hifadhi za kimataifa zilizo wazi kwa yeyote bila malipo. Kusoma mafaili hayo kunahitaji mtu aliyesomea, na watu hao wapo katika vyuo vikuu vya ukanda huu, Nairobi na Makerere vikiwa miongoni mwao. Wakala mwenye mteja anayedaiwa kuchepusha mzigo saa mbili usiku, karibu na Mtito Andei, mwezi Oktoba, anaweza kuwauliza kama anga ya Malindi ilipepesa usiku huo.